Kesi ya Ketha Mbele ya Bi Muzna

Nyumba ya wageni ya Basil ilikuwa Kiponda, ndani ya vichochoro, mahala ambapo mgeni hafiki ila awe amepotea au ameletwa. Wageni waliofika walikaa siku mbili tatu, wakapiga picha milango, wakaenda zao pwani. Walipoondoka waliacha vitu: kofia, mafuta ya jua, viatu vilivyokatika kamba, na vitabu. Basil, mwenye nyumba, alikuwa mtu asiyetupa kitu. Alitia rafu pale mapokezi, vitabu vikapangwa hapo, na mapokezi alikaa Bi Muzna binti Zahran.

Alianza kazi ile mwaka wa elfu mbili, miezi michache baada ya kumzika baba yake. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa Kiingereza, lakini aliiacha skuli pale macho ya Mzee Zahran yalipoanza kuingia ukungu. Yalipokufa kabisa, Bi Muzna akawa ndiye macho yake. Alimsomea gazeti, alimshika mkono mpaka mlango wa msikiti, akakaa naye dirishani kumwambia nani anapita na amevaa nini. Mzee aliyewahi kuwa na shamba la mikarafuu upande wa Mangapwani akawa hana tena ila dirisha lile na sauti ya bintiye. Miaka ikenda hivyo. Siku alipofariki, watu wakaja, wakasoma, wakala, wakaondoka, na Bi Muzna akabaki katika vyumba viwili vya Mkunazini, hana mume, hana mtoto, ana sauti iliyozoea kusoma kwa nguvu na hapana wa kuisikiliza.

Alikuwa na mdogo wake mmoja, Afra. Mwaka wa themanini na sita Afra aliposwa na binamu yao aliyekuwa Maskati, akaondoka na sanduku moja na ahadi: miaka miwili tu, akishatulia atawachukua wote. Miaka miwili ikawa mitano, mitano ikawa kumi. Zilikuja simu za Idi, zikaja halua na udi, ikaja picha ya mtoto wa kike aliyeitwa Badriya. Afra mwenyewe hakuja. Hata baba yao alipofariki alilia kwenye simu mpaka ikakatika, asije. Watu wakimuuliza Bi Muzna khabari za mdogo wake, hujibu kuwa hajambo, anasalimu sana. Hajapata kumsema kwa mtu, na watu wakamsifu kwa moyo wake mpana.

Vile vitabu alivisoma vyote, chochote kilichoachwa. Alisoma vya upelelezi, vya mapenzi, hata kimoja cha kufuga nyuki. Hakuvisoma kwa shauku. Alivisoma kama mtu anayetafuna karafuu, ili mdomo usikae bure. Mpaka masika moja, mvua imeshika na nyumba haina mgeni, alipokichukua kitabu kinene chenye picha ya msichana amesimama mbele ya mlango wa chuma. Kilikuwa cha vijana, alijua kwa herufi zake kubwa. Nyuma kimeandikwa kuwa ni cha kwanza katika vitatu.

Kilikuwa kisa cha mji wa siku zijazo uliojengwa wote chini ya paa moja. Watawala wamewaambia watu kuwa hewa ya nje ni sumu. Hakuna aliyeliona jua. Watu huamshwa kwa king'ora, hupanga foleni ya chakula na namba zao vifuani, na jirani hulipwa kwa kumchungulia jirani. Bi Muzna alipofika hapo alitabasamu peke yake. Mwandishi aliyabuni mambo hayo kwa jasho, akadhani ni ya miaka mia ijayo. Yeye alikuwa msichana mdogo alipopanga foleni ya unga na sukari mjini humu, na alikumbuka namna baba yake alivyokuwa akishusha sauti ndani ya nyumba yake mwenyewe kila anapopita mtu dirishani.

Msichana wa kitabu jina lake Ketha, ana miaka kumi na sita. Anakaa chumba kimoja na mama yake mgonjwa na mdogo wake wa kiume, Ivo. Siku moja akagundua mlango ambao haukufungwa vizuri, na nyuma ya mlango hewa safi. Basi akamwambia Ivo, mwangalie mama, mimi narudi kabla ya king'ora. Akatoka. Na kitabu kikaisha pale, Ketha yuko juu ya kilima anatazama jua linachomoza, machozi yanamtoka kwa uzuri wake, na nyuma huko king'ora kishalia.

Bi Muzna alikifunga kitabu kwa kishindo hata paka wa Basil akaruka.

Mtu wa kumwambia alikuwa mmoja tu, Mwanapili, mpishi wa nyumba ile. Mwanapili alikuwa mwanamke mnene wa Kikwajuni, babu yake alikuja kutoka bara kwa kazi za ukuli akazaliana na watu wa hapa. Mume walishaachana zamani, na watoto wake walikuwa Dar es Salaam. Kiingereza chake kilikuwa cha mayai na chai. Lakini alipenda hadithi, na asubuhi baada ya wageni kula, Bi Muzna aliingia jikoni akakaa juu ya kibao, akaanza kumsimulia huku Mwanapili anasukuma chapati za kesho au anakuna nazi. Alimsimulia kitabu chote namna ile, kipande kwa kipande. Sauti yake ikapata pa kwenda. Ikawa yeye akichelewa kuingia, Mwanapili humwita mwenyewe amuulize jana walimwacha wapi.

Walipofika kwenye kilima, Bi Muzna alitoa hukumu yake. Alisema msichana yule hana haya. Mama kitandani hajiwezi, mtoto mdogo ana njaa, yeye kakaa juu ya kilima anatazama jua! Kama ni mwanafunzi wake angemsimamisha mbele ya darasa.

Mwanapili aliendelea kusukuma. "Mie simlaumu," akasema.

"Humlaumu?"

"Kazaliwa kizani, Bi Muzna. Kauona mwanga. Ulitaka afumbe macho?"

"Nilitaka arudi."

"Si kimebaki vitabu viwili? Labda anarudi."

Wakaachana hapo, kila mmoja na lake, na ugomvi ule ukawa mtamu kwao wote wawili. Mwanapili akiunguza kitu, husema ni kosa la Ketha. Bi Muzna akikuta kitanda cha mgeni hakikutandikwa, humuuliza mtandikaji kama naye kaenda kilimani.

Kitabu cha pili kilikuja kwa posta. Mgeni mmoja mtu mzima, mkutubi wa huko kwao, aliona Bi Muzna anavyokiulizia kwa kila anayeingia na begi, akaandika anwani ya nyumba asiseme kitu. Mwaka uliofuata bahasha ikafika, Bi Muzna akaifungua kama mtu aliyeletewa posa. Alikisoma kwa siku chache, na kila alivyosoma ndivyo uso ulivyomsawijika. Ketha kakutana na watu wanaoishi nje, wanaotaka kuuangusha utawala wa mji. Kapewa bunduki, kapata mchumba, kawa ndiye sura yao. Picha yake inabandikwa ukutani, watu wanaimba jina lake. Mama yake hutajwa mara moja moja, aghalabu Ketha anapokuwa na usingizi. Ivo hatajwi kabisa.

"Kashakuwa mkubwa sasa," Bi Muzna alimwambia Mwanapili kwa uchungu. "Watu wanamwimbia. Wataka arudi kuosha mabakuli?"

Mwanapili alimtazama kidogo, kisha akasema, kama mtu anayechagua njia ya kupita palipotota, kwamba mtu akikaa sana mbali, kule kurudi nako kunakuwa kuzito, si kwamba hapendi. Bi Muzna alinyanyuka akasema simu inalia. Simu haikuwa inalia.

Kitabu cha tatu kilikuwa bado hakijatoka. Mkutubi alimpelekea salamu kwenye kadi akamwambia asubiri. Akasubiri. Mwaka ule nyumba ilikuwa na wageni wachache, na jioni za Mkunazini zilikuwa ndefu. Alikuwa akirudi, anawasha redio kwa ajili ya sauti ya mtu, anakula kilichobaki cha jikoni kwa Basil, anakaa dirishani. Akiona mtu anapita, midomo yake ilikuwa bado ina ada ya kufunguka itaje nguo alizovaa.

Julai ya elfu mbili na tatu Afra alipiga simu si siku ya Idi. Akasema anakuja, yeye na Badriya, kwa likizo ya skuli. Akalisema kwa haraka. Bi Muzna akajibu kuwa karibuni, nyumba yenu. Akaweka simu, akakaa nayo mkononi.

Wakaja. Afra aliyeondoka mwembamba na msuko mmoja mgongoni alikuwa sasa mwanamke mzima, ana miwani, anavuta mguu kidogo kwa maradhi ya goti. Wakakumbatiana uwanja wa ndege wakalia, kwa sababu mwili hulia wenyewe. Lakini walipofika nyumbani hawakuwa na la kusemezana. Waliulizana khabari za watu waliokufa. Walisifiana mapishi. Afra alikwenda kaburini kwa baba yao, akarudi macho mekundu, Bi Muzna akamtilia chai. Usiku mtoto akilala, dada wawili walilala kitanda kimoja kama zamani, kila mmoja ameugeukia ukuta wake.

Aliyeivunja baridi ile ni Badriya. Alikuwa ana miaka kumi na sita, mrefu kama babu yake, anasema Kiswahili cha nyumbani kilichochanganyika na Kiarabu cha skuli. Siku ya tatu alikiona kitabu cha Ketha juu ya kijimeza, akapiga mbio chumbani akarudi na begi lake. Ndani mlikuwa na kile cha tatu, kumbe kishatoka. Alikuwa anakimaliza.

"Khalati, na wewe unamsoma Ketha?"

"Nnamsoma," akasema Bi Muzna. "Simpendi."

Badriya alikaa chini palepale. Ketha alikuwa ndiye wake. Sandukuni alikuwa na picha yake aliyoikata kwenye gazeti. Kwa muda wa wiki nzima ile, alasiri baada ya alasiri, shangazi zake wa Maskati hawangemjua vile alivyokuwa anasema. Alimtetea Ketha kama wakili. Kwamba angebaki wote wangelikufa. Kwamba mtu mmoja alipata kutoka ndiyo wengine wakajua nje kuna hewa. Kwamba ujasiri wake ulikuwa ni kutoka, na kupigana kulikuja baadaye. Bi Muzna alimjibu hoja kwa hoja, kama zamani darasani, na mashavu yakapata rangi. Hajapata kuwa na mtu wa kumjibu aliyekisoma kitabu chenyewe. Alianza kumpenda mtoto yule hata akaogopa, kwa kuwa tiketi ya kurudi alikuwa ameshaiona.

Alasiri moja walikuwa hivyo, wao wawili kwenye mkeka, na Afra karibu na mlango ana ungo mapajani, anachambua mchele. Alikuwa amesikiliza siku zote asiseme kitu. Siku ile akauliza bila ya kuinua kichwa:

"Huyo msichana, mama yake alimsubiri?"

Badriya alifungua mdomo, lakini khalati yake alimtangulia.

"Alimsubiri," akasema Bi Muzna. "Kila mlango ukigongwa akiuliza, ndiye? Akiambiwa siye, akisema basi labda kesho. Akasubiri mpaka macho yakafa. Hata alipokuwa haoni akitaka akalishwe dirishani, asikilize nyayo. Akisema nyayo zake atazijua."

Badriya alicheka kidogo kwa mshangao. "Khalati, hayo hayamo. Mama yake Ketha si kipofu. Umesoma kitabu gani?"

Nje mwuza kahawa alipita akigonga vikombe vyake. Mtoto aliwatazama wakubwa wake mmoja baada ya mwengine, na cheko likamwisha usoni. Mkono wa Afra uliendelea kuchambua, unasogeza mchele upande huu, unaurejesha upande ule, na mchele ulikuwa umeshakuwa safi zamani. Halafu alinyanyuka akauingiza jikoni. Maji yalisikika yakimwagika muda mrefu.

Bi Muzna alitamani ayarudishe maneno. Wakati huohuo kuna kitu ndani yake kilichokuwa kimekaa kimekunjwa miaka kumi na saba, na sasa kimejinyoosha, na kilimpa raha ambayo hakuipenda. Usiku ule alikula vizuri. Afra hakula.

Siku ya kuondoka, teksi iko njiani, Afra alirudi ndani peke yake kama aliyesahau kitu. Alisimama katikati ya chumba akiwa ameshavaa buibui.

"Da Muzna," akasema, "miaka yote hii hujaniuliza neno hata moja."

"Neno gani?"

"Lolote. Nikikupigia unaniuliza kama nimepata salamu. Unaniuliza mtoto hajambo." Akataka kuendelea, honi ikalia nje. Akambusu dada yake kipaji cha uso, akatoka akivuta ule mguu wake.

Juu ya mto wa kitanda Badriya aliacha kitabu cha tatu.

Bi Muzna hakukigusa kwa siku kadhaa. Vyumba viwili vile vilikuwa vimekuwa vikubwa ghafla. Kikombe alichokinywea mtoto alikiosha akakirudisha mahala pengine, asikione. Alipokianza kitabu alikianza kazini, kwenye mwanga, watu wakipita.

Ketha alirudi. Alirudi na jeshi, na paa la mji likafunguliwa, na watu wakatoka wakijikinga macho kwa mikono. Katikati ya shangwe ile akapanda ngazi mpaka chumba chao. Mama alikuwa ameshakufa zamani. Aliyefungua mlango ni Ivo, kijana mkubwa sasa, mabega yamemwinama kwa kazi ya ghala la chakula. Hakumpiga dada yake, wala hakumkumbatia. Alimuuliza, umekula? Akamtilia bakuli. Ketha akala akilia. Ukurasa mmoja, na ukurasa ule ukaisha, watu wakamwita Ketha huko chini akawahutubie, akashuka, na Ivo hakuonekana tena mpaka mwisho wa kitabu.

Bi Muzna alirudi nyuma akamtafuta, asiamini. Alizichambua kurasa zilizobaki moja moja. Ivo hayumo. Alimuuguza mama, alimzika, alipanga foleni kwa namba mbili kisha kwa namba moja, alijibu maswali ya wapelelezi kwa ajili ya dada aliyetoroka, na mwandishi alimpa bakuli la kumtilia mtu mwengine. Hasira ilimpanda hata akatoka nje akasimama kichochoroni. Na alipokuwa amesimama pale akaona aibu, maana kwa vitabu vyote vitatu na yeye alishughulika na Ketha tu. Alimhukumu Ketha asubuhi, akamhukumu Ketha jioni. Siku moja hakuuliza Ivo yuko wapi, anakula nini, ana rafiki au hana.

Kesho yake alimsimulia Mwanapili. Alisimulia mpaka kwenye bakuli. Alitarajia Mwanapili afurahi, kwa kuwa msichana wake karudi. Lakini Mwanapili aliweka mwiko chini akawa anafikiri.

"Maskini kijana," akasema mwisho. "Na yeye mlango si alikuwa anaujua?"

"Alikuwa anaujua. Dada yake alimwonesha."

"Mama alipokufa, mbona hakutoka?"

Bi Muzna alilitafuta jibu. Kitabuni halimo. Alikaa juu ya kibao chake, mikono mapajani. Baba yake alikuwa ameshakufa miaka mitatu. Mwaka ule ule wa msiba Afra alimwambia aende Maskati, chumba chake kipo, akamrudia tena Idi iliyofuata, na yeye alijibu kuwa ana kazi. Akawaambia watu kuwa nyumba haiachwi peke yake, na nyumba yenyewe ni ya kupanga.

"Labda alizoea," akasema. "Labda alikuwa anaogopa jua."

Mwanapili akatikisa kichwa taratibu, si kwa kukubali wala kukataa. Halafu alijifuta mikono na kanga, na kwa namna alivyojifuta, polepole, kidole kwa kidole, Bi Muzna alijua kuna jambo. Mwanapili alikuwa amepata kazi Nungwi. Hoteli mpya ya pwani ilitaka mpishi wa vyakula vya kienyeji, watampa na chumba. Alikuwa amelificha kwa wiki mbili, anatafuta namna ya kulisema. Aliliongea lote akiwa anatazama sufuria.

"Nilikuwa nnaogopa utanihukumu kama Ketha," akamaliza.

Lilikuwa neno la mzaha, lakini hakuna aliyecheka. Bi Muzna aliona jiko lile bila ya Mwanapili, na asubuhi zilizo mbele yake, moja baada ya moja. Maneno mengi yalimjia, yote makali. Kwa muda akawa anayapima.

"Hicho chumba," akauliza, "kina dirisha?"

Mwanapili akageuka.

"Nasikia kina. Linatazama uwanja wanakochongea mashua."

"Na utalala na nani? Na wengine au peke yako?"

"Na msichana mmoja wa Matemwe."

Akaendelea kumuuliza. Alimuuliza nani atampokea siku ya kwanza, na kama jiko lao ni la gesi, na kama anaogopa. Mwanapili alisema anaogopa sana. Hajapata kulala nje ya mji tangu alipozaliwa, na kwa umri wake watu wanarudi kwao, yeye ndiyo kwanza anatoka. Bi Muzna alimsikiliza mpaka mwisho. Walichambua pamoja bilauri zipi na visu vipi ni vyake, na Ijumaa ile alimsindikiza mpaka Darajani, akasimama hata gari likakata kona ya soko. Aliporudi Kiponda alitembea kwa njia ndefu.

Mpishi mpya alikuwa msichana mkimya kutoka Donge, mwenye adabu, asiyependa hadithi. Bi Muzna alimjaribu mara moja. Msichana alisikiliza kwa heshima, kisha akauliza kama watu hao ni Waislamu, akaendelea na vitunguu vyake.

Ilipita wiki, kisha nyingine. Siku moja ya Jumamosi, adhuhuri, nyumba kimya na Basil yuko msikitini, Bi Muzna alivuta simu ya mapokezi karibu yake. Alikwisha kumwomba Basil ruhusa tangu Alkhamisi, na tangu Alkhamisi alikuwa anaiahirisha. Katika miaka kumi na saba hajapata kupiga Maskati kwa mkono wake isipokuwa kupeleka khabari ya msiba. Afra akapokea kwa Kiarabu, halafu aliposikia sauti akauliza kwa hofu nani kafa.

"Hajafa mtu," akasema Bi Muzna. "Nilikuwa na suali tu."

"Naam, da Muzna."

"Siku ile ulipofika huko. Siku ya kwanza. Ulilala wapi?"

Kisha Afra alianza kusema, sauti ya chini, kama aliyekuwa na maneno hayo mdomoni siku nyingi. Alilala stoo. Bwana harusi alikuwa kazini jangwani, harudi ila baada ya mwezi, na mama mkwe hakuwa na pengine pa kumweka mgeni, basi alitandikiwa baina ya magunia ya tende na ndimu kavu. Joto lilikuwa halina mfano. Wenyeji wake walicheka Kiarabu chake. Alilia akajiziba kwa kanga aliyotoka nayo nyumbani, na alfajiri aliposikia adhana alidhani ni ya Mkunazini, akanyanyuka kwenda kumchemshia baba chai, akajigonga kwenye rafu. Alitaka kurudi siku ileile. Pasi yake ilifungiwa sandukuni kwa mama mkwe, na alipokuja kuipata mkononi mwake ilikuwa ameshazaa, na kadiri miaka ilivyozidi ndivyo alivyozidi kuona haya. Baba alipokufa, alifika mpaka uwanja wa ndege. Alikaa pale kwenye kiti na tiketi mkononi akawaza uso wa dada yake atakapofungua mlango, na miguu ikakataa.

"Sikujua," akasema Bi Muzna.

"Ningekwambia nini? Ulikuwa na baba. Una mzigo wako."

Hakuna aliyetaka kuweka simu. Baadaye Afra alimuuliza na yeye, kwa woga, siku baba alipofariki nani alikuwa naye chumbani. Bi Muzna akamwambia. Alikuwa peke yake. Alimwambia ilikuwa saa ngapi, na alivyomfumba macho ambayo yalikuwa hayaoni tayari, na alivyokaa kwa kitambo kabla ya kugonga ukuta kumwita jirani, kwa sababu akijua watu wakishaingia atakuwa wa kila mtu. Hajapata kulisema hilo. Upande wa pili alisikia mdogo wake anapumua.

"Njoo ukae na sisi, da Muzna. Hata mwezi."

Bi Muzna alitazama mlango wa nyumba ya wageni, wazi, na mwanga mkali wa adhuhuri umekaa juu ya kizingiti.

"Sijui," akasema. "Sikwambii ndiyo ukaningojea bure. Lakini Jumamosi ijayo ntakupigia."

Walipoagana aliiweka simu mahala pake, akaifuta kwa ncha ya ushungi. Msichana wa Donge alimletea chakula, wali na mchuzi wa samaki, akakiweka juu ya meza ya mapokezi akaondoka bila ya neno. Chumvi ilikuwa nyingi. Bi Muzna alikula peke yake, polepole, mpaka akakimaliza, na alipokiosha chombo akaanza kufikiria atamuuliza nini Jumamosi.